Odi Ndogo Si Pesa ya Uhakika

Odi ni bei ya uwezekano. Kampuni ya kubeti inapoipa timu odi ya 1.20, inasema kwa lugha ya hesabu kwamba nafasi ya timu hiyo kushinda haizidi asilimia 83.3, kwa kuwa 1 ikigawanywa kwa 1.20 hupatikana 0.833. Lakini kwenye vibanda vya kubeti vya Dar es Salaam na Nairobi, na kwenye magrupu ya Telegram yanakouzwa mikeka, yaani beti za mechi nyingi zilizounganishwa, odi hiyo husomwa kama matokeo yaliyokwisha kutangazwa. Kwa usomaji huo imezaliwa imani kwamba odi ndogo ni pesa ya uhakika, na kwamba anayeujua mpira akisuka mkeka wa timu kumi za namna hiyo hawezi kukosa. Imani hiyo ni ya uongo, na inakula mishahara, ada za shule na mitaji ya biashara ndogo.

Hesabu ya mechi moja inatosha kuitikisa. Mtu akiweka shilingi 1,000 kwenye odi ya 1.20, akishinda anapata faida ya 200. Akishindwa anapoteza 1,000 yote. Akibeti mechi sita za aina hiyo, moja moja, akapatia tano, bado hajapata hata senti: faida ya mechi tano imeliwa yote na hasara ya mechi moja. Kupatia tano kati ya sita, jambo ambalo kijiweni lingempa mtu sifa ya ubingwa, ni kurudi pale alipoanzia. Tena hiyo ni kabla ya kodi ya ushindi, ambayo Tanzania na Kenya zote zimewahi kuikata. Kodi ikiwa asilimia 10 ya faida, odi ya 1.20 hubaki na nguvu ya 1.18, na mbashiri anahitaji kupatia karibu asilimia 85 ya mechi zake ili asipate hasara.

Bei yenyewe nayo imeongezwa chumvi. Mechi ikipewa odi za 1.50 kwa mwenyeji, 4.20 kwa sare na 6.50 kwa mgeni, nafasi zinazotokana nazo ni asilimia 66.7, 23.8 na 15.4. Jumla yake ni 105.9, ilhali matokeo yote ya mechi hayawezi kuzidi 100. Hizo karibu asilimia sita za ziada ndizo pato la kampuni, nazo zimo ndani ya odi kabla mpira haujaanza kuchezwa. Ni kweli kwamba sehemu ya pato hilo inayobebwa na timu kubwa mara nyingi ni ndogo kuliko ile inayobebwa na timu zenye odi ndefu. Lakini hasara ndogo haigeuki faida kwa kuwa ni ndogo.

Mkeka ndio unaoikuza hasara hiyo. Ikichukuliwa kwamba nafasi halisi ya timu yenye odi ya 1.20 ni asilimia 80, beti ya mechi moja humgharimu mbashiri wastani wa shilingi 40 katika kila 1,000. Akiunganisha timu kumi, odi inapanda hadi 6.19 na macho yanatua kwenye shilingi 6,190. Nafasi ya zote kumi kushinda, hata hivyo, ni asilimia 10.7 tu, kwa hiyo wastani wa hasara unaruka kutoka shilingi 40 hadi karibu 335. Mkeka ambao msukaji wake anauona salama kwa sababu kila timu ndani yake ni kubwa unatarajiwa kuchanika mara tisa katika kila kumi. Msemo wa kijiweni kwamba "timu moja tu imenichania" unaeleza jambo la kawaida kabisa kana kwamba ni mkosi.

Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar lilionyesha hayo mbele ya ulimwengu mzima. Tarehe 22 Novemba Argentina, iliyokuwa imecheza mechi 36 bila kufungwa, ilifungwa na Saudi Arabia 2-1. Siku iliyofuata Ujerumani ikafungwa na Japani kwa mabao hayo hayo. Argentina iliishia kutwaa kombe. Ubora wake haukuwa wa kubahatisha, na bado haukumsaidia aliyeiweka kwenye mkeka siku ile.

Hapo ndipo hoja ya "naujua mpira" inapokwama. Majeruhi, fomu, rekodi ya timu zinapokutana, kocha mpya: yote hayo kampuni inayajua, na yamekwisha kuingizwa kwenye bei. Lisandro Kaunitz na wenzake wawili, katika utafiti walioutoa mwaka 2017, walitumia data za odi za miaka 10 bila kuchambua soka lenyewe. Walitafuta tu kampuni iliyotoa odi kubwa kuliko wastani wa kampuni nyingine. Walipobeti kwa pesa halisi walipata faida, na baada ya miezi michache kampuni zikaanza kuwawekea mipaka ya dau. Waliochunguza bei ndio waliozuiwa.

Swali la mbashiri, basi, ni kama odi inalipa zaidi ya nafasi iliyopo. Sare yenye odi ya 3.40 inahitaji kutokea katika asilimia 29.4 ya mechi ili dau lirudi. Mwenye sababu nzito ya kuamini kwamba nafasi yake ni asilimia 33 ana beti yenye thamani, ingawa atashindwa mara mbili katika kila tatu. Makadirio hayo yanapaswa kuandikwa kabla ya kutazama odi, kisha kupimwa kwa mamia ya beti; mikeka miwili iliyotiki mwezi uliopita haithibitishi chochote. Odi aliyoichukua mtu ikilinganishwa na ile ya dakika ya mwisho kabla ya mechi kuanza nayo hutoa ushahidi: anayechukua 3.40 mara kwa mara kwenye mechi zinazofunga kwa 3.10 anaona kitu. Ikiwa ni kinyume chake, ananunua ghali.

Kazi hiyo ni ngumu, na wengi wa wanaobeti hawaifanyi. Wanaonunua mikeka Telegram wamenunua majina ya timu bila makadirio yoyote ya nafasi zao. Kampuni nazo hutoa bonasi inayoongezeka kadiri mechi za mkeka zinavyoongezeka, kwa sababu mkeka mrefu ndio unaoziingizia zaidi. Asiyeweza kutaja kwa asilimia nafasi ya timu anayoiwekea pesa, na kueleza kwa nini kampuni imeikadiria chini, asiweke dau hilo.