Sare ya Leipzig

Wapo wasomaji wetu wanaoiona sare katika sataranji kuwa ni mchezo uliokosa mwenyewe. Hatuwalaumu sana, kwani zipo sare ambazo wachezaji hupeana mikono hata kahawa haijapoa. Lakini ipo moja ambayo kila tukiipanga upya ubaoni hutuacha tumeshika tama.

Ilichezwa mwaka 1960 mjini Leipzig, Ujerumani Mashariki, katika Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa. Kete nyeupe alikuwa nazo Robert Fischer wa Marekani, kijana wa miaka 17. Nyeusi alikuwa nazo Mikhail Tal wa Muungano wa Kisovieti, mwenye miaka 23, aliyeutwaa ubingwa wa dunia mwaka huo huo. Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa, walikutana mara nne, na Tal akashinda zote.

Safari hii Tal alijibu kwa ufunguzi wa Kifaransa, jina lililotokana na mchezo wa barua baina ya Paris na London ulioanza mwaka 1834. Ufunguzi huu huanza kwa unyenyekevu: askari wa mbele ya mfalme husogea hatua moja tu, ilhali mwenziwe amekwenda mbili. Nyeusi humwachia mpinzani nafasi katikati ya ubao, kisha huanza kuibomoa kutoka ubavuni. Lakini Tal alikwisha kumtoa askofu wake kwenda ubavu wa pili, na upande wa mfalme ukabaki na walinzi haba. Huko ndiko Fischer alikompeleka malkia wake, akala askari wawili. Tal akamwacha ale, maana kila askari aliyeondoka aliifungulia ngome yake njia.

Kuanzia hatua ya 14 kete zililiwa kila upande, na hapana aliyeweza kurudi nyuma. Zilipopungua, Fischer alibaki na ngome dhidi ya farasi, yaani alimzidi mwenzake nguvu, ila mfalme wake hakuwa na pa kujificha. Malkia wa Tal angeweza kumtishia bila kukoma, naye akihama kati ya vyumba viwili tu, amezibwa na ngome na askari wake mwenyewe. Katika hatua ya 21 ikawa sare.

Fischer aliuingiza mchezo huo katika kitabu chake cha mwaka 1969, kilichokusanya michezo 60. Na mwaka 1961, mjini Bled, Yugoslavia, alimshinda Tal kwa mara ya kwanza.