Mtoto wa Garissa Afundishwe Kuyahoji Maandishi ya Chakula

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Garissa, ninakofundisha Kiswahili sekondari msingi. Mtaala wa umilisi unatutaka tuwajenge watoto katika uwazaji kina, na tangu masomo yapunguzwe mwaka 2024, Kilimo na Lishe ni somo la kila mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Hata hivyo, mtoto anayataja makundi ya vyakula bila kukosea, halafu anaamini kila sifa iliyoandikwa kwenye pakiti ya biskuti. Naomba afundishwe kusoma maandishi halisi kuhusu chakula na kuyahoji.

Msingi wa kazi hiyo upo tayari. Mpe mtoto wa huku pakiti asiyoijua, kwanza ataigeuza atafute alama ya halali. Asipoiona, atauliza kama kuna jelatini, na ya mnyama gani. Amejifunza hayo nyumbani na madrasani, na kufanya hivyo ni kusoma kwa makini kuliko wanavyosoma watu wazima wengi.

Niliwaagiza wanafunzi wangu walete pakiti na chupa tupu. Zikaja pakiti za tambi zenye maandishi ya Kiarabu na Kituruki, mikebe ya maziwa ya unga, na chupa za soda. Tukachukua chupa moja ya nusu lita. Mbele ilijaa rangi na maneno ya kujisifu. Nyuma, kwa herufi ndogo, tukasoma: gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Wakapiga hesabu wakapata gramu 50, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya aina hiyo isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayetumia kalori 2,000, kikomo chenyewe ni gramu 50 hizo hizo. Nikawauliza kwa nini hesabu imewekwa kwa mililita 100 ilhali hakuna anayekunywa kiasi hicho. Darasa likachangamka.

Ndipo msichana mmoja akauliza: na chai ya thamosi ya nyumbani, lebo yake iko wapi? Sikuwa nimelifikiria swali hilo. Chai yetu ya iliki hukolezwa sukari kwa ukarimu, na hakuna anayeipima. Wakakubaliana wakaandike lebo yake wenyewe, kila mmoja ahesabu vijiko vinavyoingia kwenye thamosi ya kwao na vikombe vinavyotoka.

Yako pia maandishi yasiyo na lebo wala mwandishi. Kwenye simu za wazazi huzunguka ujumbe kwamba maziwa ya ngamia yanaponya kisukari. Tuliugawa ujumbe kama huo sentensi kwa sentensi. Kwamba maziwa hayo yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, hilo limepimwa. Kwamba yanaponya kisukari, halijathibitishwa. Na ujumbe haukutaja kwamba yakinywewa mabichi yanaweza kuleta bruselosi. Sitaki mtoto adharau chakula cha bibi yake. Nataka ajue lipi limethibitishwa na lipi limeongezwa chumvi, kwa sababu kesho yeye ndiye atakayemsomea bibi huyo.

Eneo hili limewahi kuona uzito wa jambo hili. Desemba 2006 Homa ya Bonde la Ufa ilizuka hapa Garissa, na kabla haijatulia mwaka 2007 ilikuwa imeua zaidi ya watu 150 nchini. Masoko ya mifugo yalifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku. Katika hali kama hiyo, familia inayoishi kwa nyama na maziwa inahitaji mtu wa kuipambanulia tangazo la daktari na uvumi wa sokoni. Sijui kifungu cha ufahamu kinachomfaa mwanafunzi wa Kaskazini Mashariki kuliko taarifa za kipindi kile, zikiwekwa sambamba: ya serikali, ya gazeti, ya mfanyabiashara wa ng'ombe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mtakapopitia tena mitaala, ingizeni lebo, matangazo na taarifa za afya katika ufahamu wa Kiswahili, na muwaruhusu walimu wa Kiswahili na wa Kilimo na Lishe kuzifundisha pamoja. Zungumzeni na Baraza la Mitihani pia. Mtihani wa kwanza wa Gredi ya 9 ulifanywa mwaka 2025, na walimu tunajua kwamba kisichotahiniwa hufundishwa muda ukibaki. Na jopo la waandishi lifike Garissa kabla ya kuandika. Kazi za wanafunzi wangu nimezihifadhi, na niko tayari kuwakabidhi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Garissa