UCHAMBUZI: Vipakatalishi vya kivinjari visije vikaishia kabatini kama vishikwambi

Serikali ya Jubilee ilipoingia mamlakani Aprili 2013, mojawapo ya ahadi zilizowasisimua wazazi wengi ni ile ya kumpa kila mtoto wa Darasa la Kwanza kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa, miaka ikapita, na mradi ulipoanza hatimaye mnamo 2016, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi. Zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma kote nchini.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika shule nyingi vifaa hivyo vilifungiwa kabatini kwa hofu ya wezi, vingine vikaharibika pasipo fundi wa kuvitengeneza. Wapo walimu waliovitumia kwa bidii, na haifai kuwasahau, ila hawakuwa wengi.

Ndiyo sababu wazo la kupeleka vipakatalishi vya bei nafuu vinavyotegemea kivinjari katika shule za Migori na Homa Bay linastahili kupimwa kwa makini kabla ya viongozi kuanza kupiga picha wakivikabidhi.

Vifaa vya aina hii, mashuhuri zaidi vikiwa Chromebook zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2011, havibebi programu nyingi ndani yake. Mwanafunzi huingia kwa jina na nywila yake, na kazi anayoifanya huhifadhiwa mtandaoni. Akimaliza, mwenzake huketi papo hapo na kuikuta kazi yake mwenyewe. Kwa hivyo vifaa 20 vinaweza kuhudumia shule nzima kwa zamu. Isitoshe, betri ya kifaa kizuri hudumu takriban siku nzima ya masomo, jambo ambalo mwalimu anayekatikiwa umeme mara kwa mara atalithamini.

Hata hivyo, bei nafuu ni nafuu kwa nani? Tuseme kifaa kimoja kinauzwa Sh25,000. Mgao wa elimu bila malipo katika shule ya msingi umekuwa Sh1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kifaa kimoja basi humeza mgao wa zaidi ya wanafunzi 17, na kuna chaki, vitabu na bili ya umeme vinavyosubiri pesa hizo hizo.

Gharama ya pili ni mtandao. Mwalimu aliye Rongo au Oyugis, kandokando ya barabara kuu, hayuko katika hali moja na mwenzake wa kisiwani Mfangano au Remba, wala na yule wa vijiji vya ndani vya Nyatike. Tangu Julai 2023 huduma ya setilaiti ya Starlink imepatikana nchini na kupunguza tatizo la umbali, lakini ada yake ni ya kila mwezi. Mfadhili huondoka, ada hubaki.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kivinjari hakihitaji mtandao wa dunia nzima. Kinahitaji tu seva ya kuzungumza nayo. Seva hiyo inaweza kuwa kisanduku kidogo ofisini mwa mwalimu mkuu, chenye vitabu na masomo yaliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), kikirusha mawimbi hadi madarasani. Mradi wa vishikwambi wenyewe ulikusudia kila shule iwe na seva ya namna hiyo. Shule ya Mfangano inaweza kusoma mwezi mzima bila kununua data, kisha seva ikaongezewa masomo mapya wakati wa likizo.

Suala la tatu halizungumzwi sana. Kila Chromebook ina tarehe ya kukoma kupokea masasisho ya usalama. Mnamo Septemba 2023 Google ilitangaza kuongeza muda huo hadi miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu muundo wa kifaa ulipotolewa, si tangu siku ya kukinunua. Shule za Marekani zilinunua vifaa hivi kwa wingi wakati wa janga la korona la 2020, na vikichakaa lazima viende mahali. Msaada wa vifaa vilivyobakisha mwaka mmoja ni mzigo uliofungwa kwa karatasi ya zawadi.

Nani basi atawajibika? Chini ya Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini, ilhali shule za msingi na za upili ziko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Magavana hawawezi kuzinunulia vifaa vivi hivi tu. Kaunti hizi mbili zina maeneobunge 16, manane kila moja, na ni kwa hazina ya maeneobunge ambako shule zimezoea kubisha hodi. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba. Shule isipange matumizi ya miaka 10 kwa kutegemea mfuko ambao uhalali wake umewahi kupingwa mahakamani.

Kwa sasa, bodi ya shule itakayoletewa vifaa hivi inaweza kuanza na jambo dogo. Igeuze kimoja, isome jina la muundo wake, kisha itafute katika tovuti ya Google tarehe ya mwisho ya masasisho. Tena ifanye hivyo kabla ya kutia sahihi ya kuvipokea.