Mizani Chini ya Mnazi



Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi akina mama ambao ndio walimu wa kwanza wa watoto wetu, juma hili nawaletea habari ya gogo la mnazi lililo uani mwa chuo chetu hapa Tiwi. Kila alasiri, kabla ya darasa kuanza, watoto huweka ubao juu ya gogo hilo, mmoja akaketi huku na mwingine kule, wakawa wanapanda na kushuka kwa vicheko. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliazimia kulipasua gogo lile liwe kuni.

Sababu ilikuwa binti mmoja wa miaka kumi, mwenye mwili mkubwa kuliko wenziwe. Kila alipoketi, ubao ulilala upande wake, na wenziwe wakambandika jina la lori. Mama yake akanijia akasema, "Maalim, mtoto hataki tena kuja chuoni." Neno lile lilinichoma. Mtoto akikimbia Qur'ani kwa sababu ya kejeli, lawama ni ya nani kama si yangu mimi niliyesikia nikanyamaza?

Kesho yake nikatoka na shoka. Nikamkuta binti yule ameketi ubaoni, na mwenziwe mdogo wa miaka sita amesimama kando akimwambia, "Dada, sogea huku, karibu na gogo." Akasogea. Akasogea tena. Yule mdogo akapanda mwisho wa ubao upande wa pili, na ubao ukatulia sawasawa. Nikaliweka shoka chini, nikawaita watoto wote wauzunguke ubao ule.

Tukapima kwa shibiri. Binti mkubwa alikuwa shibiri nne kutoka gogoni, mdogo shibiri nane. Nikawauliza: ikiwa mmoja ana kilo 40 na mwenziwe kilo 20, kwa nini ubao haulali? Wakazidisha kila uzito kwa shibiri zake, wakapata 160 huku na 160 kule. Hiyo ni Hisabati. Ubao ni wenzo, na gogo ni egemeo lake. Kwa kanuni hiyo hiyo mtaimbo hung'oa jiwe na mkasi hukata nguo. Hiyo ni Sayansi. Katika Kiswahili nao hufundishwa kuwa silabi za ubeti huitwa mizani, na kwamba mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani nane upande huu na nane upande wa pili. Ukizidisha upande mmoja, shairi huchechemea, kama ubao ulioelemewa.

Nikawaongezea Historia. Mwaka 1121, katika mji wa Marw, mwanachuoni al-Khazini aliandika kitabu kizima kuhusu mizani, akakiita Mizan al-Hikma, yaani Mizani ya Hekima. Humo alieleza jinsi ya kupima vitu hewani na majini ili kujua dhahabu safi na iliyochanganywa. Waislamu wale waliichukua mizani kuwa elimu, kwa kuwa Mola wetu ameitaja katika Suratur-Rahman pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na katika Suratul-Mutaffifin amewaonya vikali wanaopunja vipimo.

Lakini somo lililonikaa moyoni ni lile la mwisho. Binti yule hakupungua hata ratili moja, wala mdogo hakuongezeka. Aliye mzito alisogea karibu na katikati, na mwepesi akapata kuinuka. Hivi ndivyo nyumba zetu zinavyohitaji kukaa. Baba mwenye sauti nzito na asogee. Kaka mkubwa amsogelee mdogo wake. Na sisi wazazi tuikumbuke hadithi ya Nu'man bin Bashir: baba yake alipotaka kumpa yeye peke yake zawadi, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake, naye hakukubali kuishuhudia zawadi ile.

Mama zangu, najua mnavyolalamika tangu Mtaala wa Umilisi uanze mwaka 2019, kwamba kila juma mtoto huagizwa kuleta kitu cha kununua. Ubao na gogo havikugharimu hata shilingi. Hakikisheni tu kwamba pamewekwa juu ya mchanga, ubao hauna misumari, na yupo mtu mzima wa kuangalia. Kisha mtoto arudipo jioni, msimuulize tu kama amechafua nguo. Muulizeni: leo ulikaa na nani, na ulisogea wapi ili mwenzio ainuke?

Ama binti yetu, amerudi chuoni. Siku hizi yeye ndiye anayewapangia wenziwe pa kukaa, na jina la lori sijalisikia tena. Gogo lipo pale pale.

Mola atujaalie uadilifu katika nyumba zetu, na awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.