Mtoto wa Kolwezi ajue Farao, lakini ajue pia Sanga

Mtoto wa shule ya Jumapili hapa Kolwezi anamjua Farao kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe. Anajua kwamba Musa aliwekwa ndani ya kikapu mtoni, na anajua habari ya bahari iliyogawanyika. Tarehe 1 Novemba 2025, Misri ilifungua rasmi jumba lake kubwa jipya la makumbusho karibu na piramidi za Giza. Tangu siku ile, watoto wengi wameona kwenye simu za wazazi wao sanamu za wafalme wa kale na kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun. Sasa wanauliza: huyu alikuwa mtu kweli? Kwa nini walimfunga vitambaa? Na kama amekufa, vitu vyote hivi ni vya nini?

Ni maswali mazuri. Mtoto wa miaka sita anayeuliza hivyo ameanza kufikiri juu ya wakati, juu ya kifo na juu ya kazi ya mikono ya watu. Lakini mara nyingi tunamjibu: nyamaza, utasoma hayo ukiwa mkubwa. Akiwa mkubwa, swali lenyewe limeshakufa.

Sisi tunasema wazi: watoto wadogo wapelekwe kwenye makumbusho, hata wale wa miaka mitano au sita, bila kungoja sekondari. Na mtoto wa Lualaba hahitaji kupanda ndege kwenda Cairo ili aanze.

Wengine watasema mtoto mdogo haelewi maana ya miaka elfu tatu. Ni kweli, hata sisi wakubwa hatuielewi vizuri. Lakini kuna jambo moja ambalo mtoto analielewa kuliko sisi, nalo ni kipimo cha mwili wake. Kaburi la Tutankhamun liligunduliwa na Howard Carter mwezi wa Novemba 1922, na lilikuwa na vitu zaidi ya 5 000. Kati ya vitu hivyo kuna kiti kimoja kidogo cha mpingo, kilichopambwa kwa pembe. Mkubwa hawezi kukikalia. Mwonyeshe mtoto picha ya kiti hicho, halafu umuulize: kinamtosha nani? Atajibu mwenyewe kwamba kinamtosha mtoto. Ndipo unamweleza kwamba mfalme huyu alipewa ufalme akiwa na miaka kama tisa hivi, na akafa akiwa bado kijana wa miaka kama kumi na tisa. Hapo Misri ya kale imekuwa habari ya mtoto mwenzake.

Sasa tugeuke huku kwetu. Mtoto wa Kolwezi anaujua mto Lualaba. Pengine amepelekwa kuogelea au kula samaki kando ya maji ya Nzilo. Mto huo uliwahi kudhaniwa kuwa ndio Nile. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe, akausimamia ukingoni, na alitumaini kwamba maji yale yanakwenda Misri. Alikufa mwaka 1873 akiwa bado anatafuta. Ni safari ya Stanley, mwaka 1876 na 1877, iliyoonyesha kwamba Lualaba ndiyo Kongo. Maji yetu yanayokwenda Misri kweli ni yale ya Semliki, kule Kivu ya Kaskazini, yanayotoka Ziwa Edward pale Ishango. Na hapo Ishango, mwaka 1950, Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, wenye umri wa miaka karibu 20 000. Piramidi ya kwanza ilikuwa bado maelfu ya miaka mbele.

Maji yanayopita Nzilo yanashuka Bukama, kisha yanasambaa katika maziwa ya Upemba. Kando ya ziwa Kisale, katika Haut-Lomami ya leo, kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba huko, na wengine wakaendelea baadaye. Walikuta makaburi zaidi ya 100, mengi yakiwa ya kati ya karne ya 10 na ya 13. Ndani yake mlikuwa na vyungu vizuri sana, mapambo ya shaba, vyombo vya chuma. Watu hawa hawakuacha maandishi, lakini waliwazika wapendwa wao kwa heshima na kwa utaratibu.

Na hili ndilo ambalo kila mwalimu wa Dilala na Manika angepaswa kulijua. Katika makaburi hayo, ukubwa wa vyungu ulifuata umri wa marehemu. Mtu mzima aliwekewa vyungu vikubwa. Mtoto aliwekewa vyungu vidogo, vya kumtosha yeye. Mama fulani au fundi fulani, miaka karibu 1 000 iliyopita, katika bonde la mto wetu, alikaa chini akafinyanga chungu kidogo kwa ajili ya mtoto aliyekufa. Kiti cha Tutankhamun na chungu cha Sanga vinasema neno moja. Tofauti ni kwamba kile cha kwanza kinajulikana dunia nzima, na hiki cha pili hakijulikani hata na watoto wanaokunywa maji ya mto uleule.

Kuna jambo jingine linalomhusu mtoto wa hapa. Sanga hakuna shaba ardhini. Shaba ile ilitoka huku kwetu kusini, kwenye vilima vya madini, ikabebwa safari ndefu. Katika makaburi ya baadaye kunaonekana misalaba ya shaba. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, yenye kipimo kimoja. Wataalamu wanaona hapo alama ya pesa. Baba na kambo zetu waliuona msalaba huo kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960 hadi 1963 na kwenye sarafu zake za mwaka 1961. Wengi waliuona kama alama ya siasa tu. Kumbe ulikuwa kazi ya mafundi walioyeyusha malakite kwa makala na mivukuto, ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu, karne nyingi kabla ya kampuni ya kwanza kuweka uzio.

Malakite hiyo hiyo, jiwe la kijani ambalo watoto wetu wanaliona likiuzwa barabarani limechongwa kuwa tembo au kisahani cha majivu, Wamisri wa kale waliisaga wakajipaka machoni, na pia waliiyeyusha kupata shaba. Kobalti nayo, ambayo jina lake linasikika kila siku katika madepo ya Kolwezi, mafundi wa Misri wa wakati wa Tutankhamun waliitumia kutia rangi ya buluu kwenye kioo na kwenye vyungu. Jambia moja la mfalme huyo ni la chuma cha kimondo kilichoanguka kutoka angani, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2016 vilikuta nikeli na kobalti ndani yake.

Tunataja hayo kwa sababu moja. Katika mji wetu kuna watoto wanaojua bei ya mfuko wa mawe kabla ya kujua kusoma. Wanajua jiwe zito na jiwe hafifu, wanajua depo gani inapunja mzani. Hakuna aliyewaambia kwamba jiwe hilo liliwahi kuwa kitu kingine zaidi ya mfuko: kwamba mababu zao walilifanya kuwa pambo, pesa, kumbukumbu ya marehemu. Mtoto anayeamini kwamba ardhi yake ina thamani siku mnunuzi anapofika tu, atakuwa mtu mzima anayekubali bei yoyote.

Tunajua pingamizi. La kwanza ni la imani. Baadhi ya wazazi wanaogopa kwamba ndani ya makumbusho kuna vinyago na sanamu, na kwamba mtoto atarudi nyumbani na pepo. Hatudharau imani ya mtu. Lakini mtoto anayesikia kanisani habari ya ndama wa dhahabu hamwabudu ndama huyo. Na Biblia yenyewe inaonyesha kwamba Musa alilelewa nyumbani kwa Farao na akasoma elimu ya Wamisri. Kuangalia kazi ya mikono ya watu wa zamani na kuuliza ilikuwa ya nini si ibada. Tena, katika inchi ambamo watoto wanashitakiwa uchawi na kufukuzwa nyumbani, mtoto aliyefundishwa kuuliza kitu hiki kilitengenezwa na nani, lini na kwa kazi gani, hatadanganywa upesi na anayeuza woga.

Pingamizi la pili ni kifo. Tunasema mtoto asione maiti iliyokaushwa wala mifupa. Lakini watoto wetu wanakwenda kwenye vilio, wanaona jeneza likipita. Wanachokosa ni mkubwa wa kuwaambia ukweli kwa sauti ya upole: huyu alikufa, watu wake walimpenda, huko Misri walichukua siku 70 kuutayarisha mwili wake, kwetu Sanga walimwekea vyungu, sisi leo tunafanya hivi na hivi. Mtoto akiogopa, mshike mkono mtoke. Hakuna mtihani.

Pingamizi la tatu ni pesa, na hili ni zito. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi iko karibu kilometa 300 kutoka Kolwezi, kwa njia ya Fungurume na Likasi. Familia inayohangaika kupata bukari ya jioni haiwezi kulipia safari hiyo, na hatutamlaumu mzazi yeyote kwa hilo. Lakini jimbo hili si maskini wa njia. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji. Katika ushuru wa madini, 25% ni ya jimbo, 15% ni ya mamlaka za mahali mgodi ulipo, na 10% ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo hivyo si maneno ya karatasi. Wamekaa leo kwenye madawati ya mwaka wa kwanza, wakiuliza kama Farao alikuwa mtu kweli.

Barabara, maji na zahanati vitangulie, hatupingi. Lakini basi moja la wanafunzi, mara moja kwa mwaka kwa kila shule, pamoja na chakula cha njiani na mwongozaji wa makumbusho anayejua kusema na watoto kwa Kiswahili, ni gharama ndogo sana mbele ya hesabu hizo. Na pale basi lisipofika, sanduku lifike: nakala za vyungu, msalaba wa shaba wa kushika mkononi, kipande cha malakite, picha kubwa za Sanga na za Misri, vizunguke shule kwa shule. Tunaiomba serikali ya jimbo, wakuu wa shule na kamati zinazosimamia pesa za wenyeji waliandike jambo hili katika mipango yao.

Kwa mzazi au mwalimu atakayepata nafasi, tuna shauri fupi. Usimzungushe mtoto mdogo vyumba vyote. Chagua vitu vitatu. Saa moja inatosha. Mwache akae chini achore kile alichokipenda. Usimjibu haraka, muulize kwanza yeye anadhani ni nini. Mkirudi nyumbani, mpelekeni kwa kambo amweleze chungu cha zamani kilifinyangwaje na kilipikiwa nini, maana kambo naye ni makumbusho, na mlango wake haulipishwi.

Mwezi wa Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu karibu 84 000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Mfupa wa Ishango nao uko Brussels. Siku moja mtu atalazimika kukaa mezani na kusema ni vipi vinapaswa kurudi, na kwa nini. Mtu huyo leo ana miaka sita. Hawezi kudai kitu ambacho hakuwahi kuambiwa kwamba kipo.

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Wafinyanzi wa Sanga walilijua hilo. Likizo kubwa inakuja. Mtoto wako akikuuliza tena habari za Farao, mjibu, kisha umwambie kwamba kando ya mto wake pia kulikuwa na watu, na kwamba waliwafinyangia watoto wao vyungu vya kuwatosha.