Mtoto Aliaye Viungo Apimwe Damu

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Usia huo ni wa kweli, lakini unamlaumu mgonjwa peke yake. Je, yule aliyekwisha kuyatangaza maradhi yake kwa kilio cha usiku kucha, na bado asipatikane wa kumwambia anaumwa nini, tumlaumu kwa lipi?

Tunayasema haya kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Mtoto hulia mikono na miguu, vidole humvimba, macho humgeuka manjano. Mara huambiwa ana malaria, mara baridi yabisi, mara ameingiliwa na shetani. Akifika umri wa kwenda skuli huitwa mvivu. Wazazi huzunguka miaka mizima baina ya kituo cha afya na kilinge cha mganga, fedha zikiteketea na maumivu yakibaki pale pale.

Ugonjwa huu si kitendawili. Dkt. James Herrick wa Chicago aliueleza katika maandishi ya kitabibu tangu mwaka 1910. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza. Tena chembe hizo hufa upesi, na mtoto akapungukiwa damu. Ugonjwa hauambukizi, wala si laana. Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huweza kuwa wazima kabisa. Kwa hiyo haifai mume kumtupia mkewe lawama.

Zamani, malaria ilipotawala Visiwani, ilikuwa rahisi kuita kila homa malaria. Tangu miaka ya 2000 malaria imepungua sana Unguja na Pemba. Basi mazoea hayo nayo yapungue. Siku hizi vipo vipimo vya tone moja la damu vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Jibu likipatikana mapema, mtoto hupewa penisilini, chanjo na kinga ya malaria, na akihitaji, haidroksiyurea, dawa ipunguzayo vipindi vya maumivu. Likichelewa, huenda mtoto akafa kabla ya kutimiza miaka mitano, na wazazi wasijue kamwe alikufa kwa nini.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, wanaohusika wahakikishe kuwa kipimo kinapatikana katika kila kituo cha afya, hata kwa mzazi wa Tumbatu au Kojani, ambaye hana budi kuvuka bahari kabla ya kuifikia hospitali kubwa. Pili, kila mtoto mchanga apimwe, na jibu liandikwe katika kadi yake ya kliniki. Tatu, mama anaporudi kituoni mara ya tatu na mtoto yule yule mwenye maumivu yale yale, asipewe tena vidonge vile vile.

Wananchi nao wana wajibu. Wachumba wapime damu kabla ya ndoa, na mtoto anayeumwa asifichwe ndani.

Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 19 Juni kuwa siku ya kuukumbuka ugonjwa huu duniani. Ni jambo jema; lakini mtoto wa Pemba hulia viungo siku zote za mwaka, na kipimo chake kisingoje Juni.