KIOO KIKIVUNJIKA NJIANI, NANI ALIPE?



Kwa muda sasa twapokea malalamiko ya namna moja kutoka kwa matanboi na wapakiaji wa Ukunda, Diani na Msambweni. Mwenye gari huagiza kioo cha mbele kutoka Nairobi, kioo hufika kimepasuka, na mwisho wa mwezi tanboi hukatwa mshahara. Haulizi mtu kioo kilifungwa vipi, wala ni nani aliyeamrisha kilazwe chini ya magunia ya saruji. Sisi twaona kuwa jambo hili si haki, na tena ni kinyume cha sheria.

Na tuitazame safari yenyewe. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na matuta hayahesabiki. Kisha kuna Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na lori hushuka kwa kishindo ambacho kila dereva wa pwani anakijua. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 lori laweza kupita barabara ya Dongo Kundu na daraja la Mteza bila kuiona feri. Lakini mzigo wa mtu mmoja, uliotiwa juu ya matatu, mara nyingi bado huvuka Likoni. Na ukiisha kuacha lami na kuingia vijijini, hapo ndugu zetu wenyewe wanajua.

Sasa kioo. Kioo cha mbele cha gari si kimoja, ni viwili vyembamba vilivyogandamana na utando wa plastiki katikati. Ndiyo sababu jiwe likikipiga, vipande havimwagiki machoni pa dereva. Lakini kikilazwa chali, kila shimo la barabara hukipinda katikati. Tena ufa huanzia ukingoni. Ukingo ukigongwa kidogo tu na chuma dukani, hutokea ufa mdogo kama ukucha, ambao hapana mtu auonaye. Mtikisiko wa safari huurefusha, na Ukunda kioo hufunguliwa kimepasuka toka pembe hadi pembe. Aliyekigonga yuko mbali, na aliye karibu ni tanboi. Basi huyo ndiye hushikwa.

Vioo vya milango ni vya namna nyingine. Hivyo vimechomwa na kupozwa upesi ili viwe vigumu, lakini vikipigwa ukingoni hupasuka vyote kwa pamoja kama punje za chumvi. Bumpa za plastiki nazo huonekana nyepesi, watu wakazirundikia mizigo juu. Jua la mchana na kamba iliyokazwa katikati hutosha kuipinda bumpa, na vile vishikio vyake vidogo vikivunjika haikai tena sawasawa.

Kufunga vizuri si elimu kubwa. Kioo kitiwe katika sanduku la mbao, kisimame juu ya ukingo wake mrefu, chini pawe na mpira au matambara mazito, na misumari isikiguse. Sanduku lifungwe kwenye ubavu wa lori lisiweze kuyumba, na kisiwekwe kitu juu yake. Huku kwetu makumbi ya nazi yamejaa tele na ni mazuri kwa kujazia, ila yakung'utwe mchanga kwanza, maana mchanga hukwaruza kioo. Gharama ya mbao ni ndogo kuliko kioo. Tajiri anayeiepuka gharama hiyo asije akaitafuta katika mfuko wa mfanyakazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa makosa ya kusudi. Neno kusudi limo katika sheria, hatukulitia sisi. Tanboi aliyekalia sanduku la kioo baada ya kuonywa hatutamtetea. Lakini feri ikitingisha, au kioo kikija na ufa kutoka dukani, kusudi liko wapi? Tena sheria hiyo hiyo yasema kuwa makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Wako wanachama walioletewa bahasha isiyo na hata nauli ya kurudi Msambweni.

Wazee wetu wa bandari ya Mombasa waligoma mwaka 1947, wakagoma tena 1955, kwa ajili ya mshahara. Haifai ule mshahara ulioongezwa mlangoni utolewe dirishani, kipande kwa kipande cha kioo.

Kwa hiyo twataka mzigo ufunguliwe na kutazamwa mbele ya dereva kabla ya kupakiwa, hali yake iandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi. Mwenye simu na apige picha za kingo zote nne. Mzigo usiofungwa ukataliwe, au apokeaye aandike kuwa hatari ni yake. Kioo cha basi kisibebwe na mtu mmoja, na glavu zitolewe na mwajiri, kwani mikono iliyokatwa tumeiona mingi.

Karatasi za kuandikia hali ya mzigo zinapigwa chapa sasa, na kila tawi litapewa zake bila malipo. Aliyekatwa mshahara mwezi huu alete hati yake ya malipo kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, ili tuzipeleke zote pamoja kwa Afisa wa Kazi.